Nani Atampaka Baba Dhahabu?

Mama Ursula mpendwa,

Naomba unisaidie kabla ya sikukuu ya Mwili wa Kristo, maana mbele za watu mdomo wangu ni mzito lakini kwa kalamu naweza. Mimi ni Jennet, nimemaliza shule majuzi, baba yangu ni Wilfrid mtengeneza ngozi wa kando ya mto, na mwaka huu chama cha watengeneza ngozi kimemchagua awe Mungu katika mchezo wetu, ule wa kuumbwa kwa mbingu unaofungua sikukuu alfajiri, na ungemsikia, Mama, sauti yake inafika ng'ambo ya mto, kila jioni anafanya mazoezi pale kwenye mashimo ya kulowekea ngozi huku Hob, kibarua wake, akimtania, "Mungu hakohoi, bwana!" na baba anamjibu, "Wala hajawahi kuwa na malaika mvivu kama wewe, koroga chokaa!" nami nacheka mpaka machozi kwa jinsi ninavyojivunia.

Desturi yetu ni kwamba uso wa anayeigiza Mungu hupakwa rangi ya dhahabu na mtu wa nyumbani kwake, naye hufuatana na gari ambalo mchezo huigizwa juu yake, likipita mjini kituo hadi kituo, akiirekebisha, kwa sababu jasho huiharibu. Mama yangu mzazi alishafariki, kwa hiyo ni mimi. Lakini nimepata kazi kwa Bibi Metcalfe, mke wa muuza vitambaa, nitaanza baada ya sikukuu, na kituo cha tatu kiko chini ya dirisha lake. Juzi aliniita, akanipa gauni la bluu, akasema mbele ya wageni wake, "Utakaa dirishani nasi, binti. Nasikia Mungu wa mwaka huu ananuka kinyesi cha mbwa!" na ni kweli ngozi zetu hulainishwa kwa hicho, wakacheka, kisha akaniinamia sikioni, "Usimwambie mtu kuwa ni baba yako. Nakutakia mema." Nikainamisha kichwa.

Nilipomweleza baba kuhusu dirisha alisema tu, "Nenda mwanangu, ukae pazuri, Hob atanipaka," lakini mikono ya Hob imepasukapasuka kwa chokaa ya kuondolea manyoya ya ngozi, na baba aligeuka upesi mno. Simwonei haya baba, Mama, naona fahari hata kifua kinaniuma, ila nikiikosa kazi hii sijui kama nitapata nyingine. Nifanye nini?

Jennet


Jennet mwanangu,

Hongera kwanza. Wanaume wa chama kizima wamemtazama baba yako wakaona ndiye anayefaa kusimama pale juu. Hilo si jambo dogo.

Lakini kuinamisha kichwa, binti! Bibi Metcalfe hakuuona moyo wako, aliona kichwa, akajua umekubali. Baba yako naye anadhani umechagua dirisha. Fahari ya kimyakimya haimfikii mtu.

Huyo bibi si mbaya, ila hajui anachokicheka. Viatu alivyovaa vimetoka kwenye mashimo kama hayo ya baba yako. Kama harufu inamkera, atembee peku.

Sasa sikiliza. Leo, kabla baba hajalala, mwambie Hob asiguse dhahabu. Kesho asubuhi nenda kwa Bibi Metcalfe na gauni lake mkononi, useme, hata kama sauti inatetemeka: "Bibi, asante kwa kiti cha dirishani. Yule ni baba yangu, na mimi ndiye nitakayempaka. Nitakuja kazini ukinitaka." Usiongeze neno. Nyie wapole mnajiharibia kwa maelezo. Akikukataa, mke wa mshona glavu aliye karibu na daraja anatafuta msichana anayejua kusoma. Nimeshamwuliza, anakungoja.

Siku ikifika, vaa nguo yako ya kazi iliyofuliwa na upande garini. Chini ya dirisha lile usiharakishe. Anza na shavu linaloelekea kwao, upake vizuri. Na wageni wakiuliza yule msichana ni nani, mwache Bibi Metcalfe awajibu.

Mama Ursula