Yona Asifichwe Siku ya Wageni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti limetulia? Na kahawa ya hapo Isansa, imeiva vizuri? Mimi huku Uholanzi ni mzima, ila baridi, mh! Inaingia mpaka kwenye meno.

Mdogo wangu Lusia kanipigia simu akilia. Kumbe wazee wa mchumba wake wanakuja kutoka Mbebe baada ya mavuno, na kwa desturi wataulizia ukoo wetu una magonjwa gani. Shangazi anataka kaka Yona apelekwe Tunduma mpaka waondoke, eti wakiujua ugonjwa wake wa akili posa itavunjika. Mama, usikubali! Ningekueleza kwa simu, lakini hukatika kabla sijamaliza.

Hapa maabara tunachunguza damu za familia zenye wagonjwa kama Yona. Tunatafuta ugonjwa unaanzia wapi katika vinasaba, yale tunayorithi kwa baba na mama. Waliosema Yona kautoa tumboni mwako ni waongo. Si kinasaba kimoja, ni vingi mno, vidogo vidogo, na kila mtu anabeba baadhi. Hata hao wa Mbebe wanavyo, hawajui tu. Sikufichi, sisi ndugu zake tuna hatari zaidi kidogo, lakini ndugu wengi hawaugui kamwe. Mwambie Lusia hivyo hivyo.

Profesa wangu ni bibi mwenye mvi, bingwa kwelikweli, na vikombe anaosha mwenyewe. Juzi nilimsimulia majirani walivyokushauri Yona afungwe kamba, ukakataa, ukamweka kando yako mkachambua kahawa, na kila asubuhi unampa uji na dawa ukingoja ameze. Kisha akauliza kwetu mtu huheshimiwa kwa salamu gani. Nikamfundisha. Basi, kakuzidi umri, lakini anasema shikamoo. Nililia, Mama. Najivunia wewe kuliko shahada zangu.

Si wewe uliyetufundisha kuwa mficha maradhi kifo humuumbua? Siku hiyo Yona avae shati la kanisani, ashike birika awanawishe wageni mikono kama kawaida yake. Wakighairi, waende salama. Lusia kaniambia hataki kuolewa kwenye nyumba ambayo kaka yake hawezi kupiga hodi.

Nisalimie Babu, na jirani yetu anayekusaidia kuchuma. Shangazi naye mwambie nampenda, asininunie.

Na wageni wakiuliza anayewamiminia maji ni nani, usimngoje Shangazi akohoe. Jibu wewe: huyu ni mwanangu wa kwanza.

Binti yako,
Rehema