Albamu ya Taratibu Katika Ukumbi wa Chini

UMOJA WA WAKAZI WA JENGO LA MATOFALI MEKUNDU
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA SABA CHA KAMATI

Tarehe: Jumamosi, 14 Juni
Mahali: Ukumbi wa chini, karibu na chumba cha mita za umeme
Kuanza: Saa tisa alasiri

WALIOHUDHURIA
Mwenyekiti – mwalimu mstaafu wa jiografia
Katibu – mkutubi, mwandishi wa kumbukumbu hizi
Mama Mapazia – mshona mapazia, mjumbe wa ghorofa ya kwanza
Baba Tarumbeta – mstaafu wa bendi ya reli, mjumbe wa ghorofa ya tatu
Fundi Lifti – fundi wa lifti, mjumbe wa ghorofa ya nne (jengo halina lifti)

ALIYEALIKWA
Taratibu – mpiga pasi katika duka la dobi, mkazi wa ghorofa ya tatu, mwombaji

HAKUHUDHURIA
Daktari wa Meno – mjumbe wa ghorofa ya pili, bila taarifa (aliingia baadaye, tazama KUMB. NA. 4/7)

KUMB. NA. 1/7: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa kuwashukuru wajumbe kwa kuwahi, ingawa Fundi Lifti alikuwa bado ngazini. Ajenda zilikuwa mbili: maombi ya Taratibu kutumia ukumbi, na usafishaji wa tangi la maji.

Katibu alitamka kwamba mwombaji ni binti wa dada yake, na kwamba yuko tayari kumwachia mjumbe mwingine kalamu. Baba Tarumbeta alisema hilo lingekuwa jambo la heshima. Mwenyekiti aliuliza ni nani basi atakayeandika. Wajumbe walitazama dari. Mwenyekiti aliagiza Katibu aendelee, ila maneno mazito ayaandike kama yalivyotamkwa, kwa kuwa baada ya kikao kilichopita kuna watu walizikana kauli zao mchana kweupe. Baba Tarumbeta aliomba pingamizi lake liandikwe. Limeandikwa.

KUMB. NA. 2/7: KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Zilisomwa na kuthibitishwa. Ilikumbushwa kwamba katika kikao hicho Taratibu alikatazwa kupiga spika chumbani kwake, kufuatia lalamiko la Baba Tarumbeta, ambaye yeye na Taratibu wanatenganishwa na ukuta mmoja. Mlalamikaji alikuwa amesema: “Nangoja wimbo uanze, hauanzi. Nangoja uishe, hauishi.” Fundi Lifti alithibitisha kwamba tangu siku hiyo ghorofa ya tatu imekuwa kimya kama chumba cha mtihani.

KUMB. NA. 3/7: MAOMBI YA KUTUMIA UKUMBI

Taratibu aliitwa kujieleza. Kwa faida ya wajumbe wapya, jina hilo alipewa na familia kwa sababu tangu utotoni alikuwa bado anafunga kamba za viatu wakati wenzake wameshafika shuleni.

Alieleza kwamba kampuni ndogo ya muziki ya ng'ambo, inayotoa albamu za madijei, imesikia kazi yake na kumpa nafasi ya albamu moja. Muziki anaopiga ni tekno ya vitu vichache: mdundo, besi, na sauti moja au mbili zinazobadilika polepole, mpaka msikilizaji anashtukia yuko mahali pengine na hajui alipitia wapi. Sharti la kampuni ni kwamba vipande vyote viunganishwe na kurekodiwa kwa mkupuo mmoja, mwanzo hadi mwisho, bila kukata wala kurekebisha, katika chumba chenye watu. Mwezi ukiisha kabla hajapeleka kazi, nafasi itakwenda kwa mwingine. Aliomba ukumbi kwa alasiri moja.

Mama Mapazia alitaka ufafanuzi.

“Hizo nyimbo umetunga wewe?”

“Hapana, Mama. Zina wenyewe, na wamekubali.”

“Sasa chako ni kipi hapo?”

“Changu ni pale zinapokutana.”

Mama Mapazia alifikiri, kisha akasema kwamba hata yeye kitambaa hafumi, na bado hakuna mtu aliyewahi kumwambia pazia si lake. Alisema ameridhika.

Baba Tarumbeta alisema: “Debe tupu haliachi kuvuma.” Mwenyekiti alimkumbusha kwamba mjumbe huzungumza kupitia kiti. Baba Tarumbeta alimgeukia Mwenyekiti na kumwambia yeye methali hiyohiyo.

Taratibu alijibu: “Ni tupu kweli, Baba. Nimetoa vitu vingi mno. Vilivyobaki ndivyo vilivyokataa kutoka.”

Hapo Baba Tarumbeta aliiacha hoja ya kelele. Alisimama, na maneno yake yanaandikwa kama alivyoyasema:

“Huyu nimemfundisha kupuliza tangu hajafika kiunoni kwangu. Midomo ikimvimba namkanda kwa kitambaa cha uvuguvugu. Siku moja natoka niende dukani, nakuta tarumbeta niliyompa imening'inizwa kwenye kitasa cha mlango wangu, ndani ya mfuko wa dobi, kama shati la mteja. Hodi hakupiga. Angekuja akasema, ‘Baba, tarumbeta imenishinda,’ ningemfokea mpaka koo likauke, halafu ningempa chai. Sasa mwaka mzima tunapishana ngazini kama wapangaji.”

Fundi Lifti alisema kwa sauti ya chini kwamba ni wapangaji. Mwenyekiti alimtazama.

“Niliogopa, Baba,” alisema Taratibu.

“Uliogopa nini? Mimi nang'ata?”

“Niliogopa ungenibembeleza. Wewe ukinibembeleza mimi siwezi kukataa. Ningebaki na tarumbeta, na moyo wangu ungekuwa huku kwenye mashine.”

Baba Tarumbeta aliketi. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa, akaivua tena. Wajumbe walimpa nafasi.

Fundi Lifti ndiye aliyeomba kusema. “Jamani, tunamhukumu mpishi na hata sufuria hatujafunua.” Alipendekeza mwombaji apige dakika kumi tu, hapahapa, ndipo kamati iamue. Mama Mapazia aliunga mkono. Wote waliinua mikono isipokuwa Baba Tarumbeta, aliyekuwa anatazama dirishani, jambo ambalo Mwenyekiti alilihesabu kuwa ni kutopiga kura.

AZIMIO: Mwombaji apige kwa dakika kumi.

KUMB. NA. 4/7: KUSIKILIZA

Vyombo vililetwa kutoka ghorofa ya tatu na kupangwa kwenye meza ya kukunja: spika mbili, kompyuta, na mashine ya kuchanganyia muziki. Taratibu alivaa hedifoni sikio moja na kuanza.

Mwanzoni hapakusikika kitu. Mwenyekiti aliuliza kama mashine imewaka. Ilikuwa imewaka. Baadaye ulitokea mdundo mmoja mkavu, kama kidole kinachogonga ubao, ukarudi, ukarudi tena. Baba Tarumbeta alikunja mikono na kusema, “Haya ndiyo niliyoyasema.” Hakuna aliyemjibu, kwa sababu chini ya mdundo ule kulikuwa na kitu kimeanza kutambaa, na kila mtu alikuwa anakisikiliza ajue ni nini.

Ilionekana kwamba mguu wa kulia wa Mama Mapazia unakanyaga sakafu kana kwamba uko kwenye pedali ya cherehani. Fundi Lifti alikuwa amefumba macho; alisema baadaye kwamba alijiona yuko kwenye lifti inayopanda bila kufika, na kwamba kwa mara ya kwanza maishani hakutaka kuikagua. Dakika kumi zilipotimia Mwenyekiti alitazama saa yake, kisha akashusha mkono wa shati ukaifunika.

Daktari wa Meno aliingia akiwa na taulo shingoni, kulalamika kwamba maji yanatetemeka ndani ya glasi mezani kwake. Aliambiwa aketi angoje zamu ya kusema. Hakuketi. Baada ya kitambo bega lake la kushoto lilianza kukubali, la kulia likafuata, na lalamiko halikuwasilishwa tena. Nyuma yake walikuja wakazi wengine, baadhi wakiwa wamekunja sura. Waliotangulia walisimama mlangoni kulalamika, na waliofuata wakawasukuma ndani, hadi ukumbi ukajaa.

Taratibu aliweka kidole kwenye kitufe ili aingize kipande kipya. Baba Tarumbeta alisimama. Wengi walidhani anaondoka, na njia ilifunguliwa hadi mlangoni. Hakuifuata njia ile. Alikwenda moja kwa moja mezani, macho yake kwenye mkono wa Taratibu, akapaza sauti:

“Subiri!”

Kidole kilibaki hewani.

“Bado,” alisema, safari hii polepole. “Waache wapungukiwe pumzi kwanza.”

Mdundo uliendelea peke yake. Ulikuwa mtupu kabisa. Watu waliacha kuzungumza, wakaacha hata kujikuna. Ukafika mahali ambapo Katibu alihisi kwamba mtu akichelewa kidogo tu atalia au atacheka, na hakujua lipi. Ndipo Baba Tarumbeta alipoinamisha kichwa, kama alivyokuwa akiwainamishia wanafunzi wake waanze kupuliza, na Taratibu akaiachia besi.

Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Mama Mapazia alipiga ukelele ambao Katibu hana herufi za kuuandika. Kiti cha Mwenyekiti kilionekana kitupu, na mwenyewe akaonekana katikati ya watu, tai ikiwa begani. Baba Tarumbeta alibaki pale mezani, viwiko vimeinuka kidogo, akitingisha kichwa na kusema, “Ee. Ee. Hapo sasa.”

Kwa muda uliofuata hakuna kilichoandikwa, kwa kuwa Katibu alikuwa amesimama na kalamu haijulikani iliko. Anachoweza kuthibitisha ni kwamba Taratibu alikuwa anacheka, kicheko cha mdomo wazi, na kwamba alipoinua macho alimwangalia kwanza mzee aliyekuwa ubavuni mwake.

KUMB. NA. 5/7: SUALA LA KINASA SAUTI

Muziki uliisha kwa vitu kutoka kimoja kimoja, kama wageni waungwana, mpaka ukabaki mdundo wa mwanzo, nao ukaaga. Watu walipiga makofi. Mwenyekiti alirudi kitini na kutamka kwamba dakika kumi zimekwisha. Zilikuwa zimepita muda mrefu.

Taratibu aliomba kusema. Alieleza kwamba kila anapopiga huwasha kwa mazoea kinasa sauti kinachonasa chumba kizima, na leo pia alikiwasha. Kwa hiyo kazi nzima imo: mkupuo mmoja, mwanzo hadi mwisho, chumba chenye watu. “Sijawahi kupiga hivi. Na nikijaribu tena Jumamosi ijayo, najua nitakuwa najaribu tu kuikumbuka ya leo. Naomba niipeleke hii.”

Mwenyekiti alisema kwa masikitiko kwamba kanuni iko wazi: ya kikaoni hayatoki nje ila kwa ridhaa ya kila mjumbe anayesikika. Ilibidi wasikilize kwa hedifoni, kwa zamu. Mama Mapazia alisikika waziwazi. Aliridhia, kwa sharti kwamba watu waambiwe ni yeye. Fundi Lifti hakusikika, akahuzunika.

Ikafika ile “Subiri!” Ilikuwa kubwa, juu ya kila kitu, na haiwezi kuondolewa bila kukata. Wote waliinamisha macho. Mtu mmoja akikataa, albamu haipo.

Baba Tarumbeta alivaa hedifoni, akasikiliza. Aliomba arudishiwe, akasikiliza tena. Alizivua, akazishika mkononi.

“Sauti imenitoka kavu,” alisema.

“Ni nzuri, Baba.”

“Usinipake mafuta. Ni kavu.” Kisha alisema hivi: “Sisi bendi ya reli hatukurekodiwa hata siku moja. Tulikuwa tunapiga pale stesheni, treni inaondoka na watu wake, na muziki unaishia hapo. Wenzangu wengi wameshatangulia. Ukiniuliza tulikuwa tunasikikaje, sina cha kukuonyesha.” Akamrudishia Taratibu hedifoni mkononi. “Ipeleke.”

Alitoa sharti moja: kazi yoyote mpya, kabla haijatoka, Taratibu aje kwake na mashine zake, apige hodi kwa mkono wake mwenyewe. Taratibu alisema atapiga hodi mpaka achokwe. Baba Tarumbeta alisema yeye kuchoka hajui. Mama Mapazia alianza kulia na kudai ni vumbi la mapazia, ingawa ukumbi hauna pazia.

Baba Tarumbeta alitoa hoja kwamba zuio la spika liondolewe, mchana tu. Hoja haikupingwa.

Kabla ya kura, Fundi Lifti, aliyekuwa bado anajitafuta kwenye hedifoni, aliripoti kwamba pale muziki ulipotulia kuliko mahali pengine pote kuna mtu amekohoa. Mwenyekiti alikiri ni yeye na aliomba kikohozi kiondolewe, kwa heshima ya kiti. Alielezwa kwamba haiwezekani. Aliomba akisikie. Alikisikia. Aliomba akisikie tena, mara hii akipiga kidole kwenye goti. Alisema: “Kumbe kimeingia mahali pake.”

AZIMIO: Albamu ipelekwe kama ilivyo, pamoja na kikohozi. Kura zote zilikubali.

KUMB. NA. 6/7: TANGI LA MAJI

Liliahirishwa. Wakazi waliokuwapo walikuwa wengi kuliko wajumbe na walikuwa wanadai muziki urudiwe.

KUMB. NA. 7/7: KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti alifunga kikao saa kumi na mbili na robo jioni kwa kugonga meza mara tatu. Watu walidhani ni muziki, wakaitikia kwa makofi, akalazimika kukifunga upya kwa mdomo. Wakazi walipanda ngazi wakizungumza kwa sauti kubwa. Daktari wa Meno alisahau taulo lake.

Taratibu na Baba Tarumbeta walibaki wakikunja nyaya. Mzee alikuwa anadai mwisho ulivutwa kupita kiasi. Binti alikuwa anadai ilifaa uvutwe zaidi. Katibu alisimama mlangoni akiwangoja wamalize ili afunge. Mzee alivuta kiti akakaa, binti akaiwasha mashine amwonyeshe. Katibu aliuweka ufunguo mezani, karibu na mkono wa mtoto wa dada yake, akapanda zake nyumbani.

Sahihi:

................................
Mwenyekiti

................................
Katibu