Chemchemi ya Revelian Haijambo

Mbezi Luis, 3 Juni 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hujambo lakini? Kifua kimepoa? Mie mzima, ila kazi imepamba moto. Ofisi yetu inapima vyanzo vya maji vya milimani, tujue vipi viko hatarini. Vitakavyoonekana vinapungua vitazungushiwa uzio na kujengewa tangi, vingine basi tena. Na Muleba nimepewa mie! Kwa hiyo kila Jumamosi kinga ndoo ya lita ishirini pale kwenye chemchemi yetu, uangalie inajaa kwa muda gani, uniandikie. Kwenye simu nakujua, utanipiga chenga. Barua mpe Rogers, kondakta wa basi, ataniachia stendi hapa.

Mwanao,
Kokuberwa

Muleba, 21 Juni 2025

Mwanangu Koku,

Marahaba sana. Hapa tu wazima, migomba mizima, na chemchemi haijambo kabisa. Saa yangu imekufa, kwa hiyo nimepima kwa kusali Salamu Maria. Ndoo inajaa kwa tatu tu. Tatu! Waambie wakubwa zako chemchemi ya Revelian haijawahi kumwaibisha mtu. Na mikaratusi yangu pale juu yake imenyooka, ukija utaitazama mpaka shingo iume.

Baba yako

Mbezi Luis, 25 Agosti 2025

Baba,

Shikamoo. Natumaini unaendelea vizuri, mie sina raha. Juni umeniandikia tatu, Julai tatu, Agosti na kiangazi chote hiki, tatu. Nami nikaandika ulivyosema. Jana orodha ya awali imetoka: chemchemi yako imo kwenye zilizo imara, yaani hatupati kitu. Halafu jirani yako Filomena kaja kumwona mwanae Kinondoni, kaniambia kinamama siku hizi wanashuka mtoni, saa nzima kwenda na kurudi, maana kwako ndoo haijai. Jamani, baba! Nimekuuliza kama daktari, wewe umenijibu kama tumekutana njiani tunasalimiana. Orodha inafungwa tarehe 30 Septemba. Niambie kweli, na ile mikaratusi pia niambie. Nimekasirika, lakini bado nakutegemea.

Mwanao,
Kokuberwa

Muleba, 12 Septemba 2025

Koku mwanangu,

Marahaba. Kifua kinanisumbua, sikufichi tena. Ndoo inajaa kwa Salamu Maria kumi na nne, nazo nilizisali polepole. Andika hivyo. Andika pia kwamba mikaratusi ndiyo inayokunywa maji, na aliyeipanda ni Revelian. Jina langu liandike lote, nisije nikasingizia jua.

Niliogopa mtaikata. Sasa naikata mwenyewe. Ishirini na miwili iko chini, iliyobaki fundi wa msumeno anaimaliza Jumatatu.

Marehemu mama yako aliniambia siku ileile ninapanda kwamba itatukausha. Nikamwuliza, wewe unajua nini kuhusu miti? Miaka kumi akapita pale na ndoo yake kichwani, anaona maji yanapungua, na hakunicheka hata siku moja. Sikuwahi kumwambia kwamba alisema kweli. Basi nakuambia wewe.

Baba yako