Gari la Lami na la Mchanga

Kayole, Nairobi
9 Agosti 1997

Kwako dada yangu Nthoki,

Pokea salamu ambazo hata gunia la magadi haliwezi kuzibeba. Mimi ni mzima, meno yote yako, hamu ya kula iko, kilichoondoka ni kazi tu. Kiwanda cha sabuni kimepunguza watu, na mimi dereva wao bora nikapunguzwa wa kwanza, wasije wakaambiwa wana upendeleo. Usilie. Walinipa mkono wa kwaheri, na mkono huo naugeuza magurudumu.

Nataka gari moja la kazi mbili. Siku za kazi lisambaze mikate madukani hapa Kayole na Umoja. Sikukuu linilete mpaka mlangoni kwako, siyo kuachwa sokoni ng'ambo ya mto nikivua viatu kama mwizi wa kuku. Nimeona matatu. Kuna Peugeot ya chini, inateleza juu ya lami kama mafuta kwenye sufuria. Kuna Land Rover ndefu, inapanda hata ukuta, ila ikiingia vichochoro vyetu itatoka kinyumenyume. Halafu kuna Suzuki fupi ya paa la turubai, ina gia ya kuvuta kwa magurudumu yote manne. Moyo wangu uko kwa Peugeot. Mtu aliyefikisha malori Kampala ataonekanaje ndani ya kibiriti?

Wewe wasemaje? Mwanao Mukai hajambo?

Mdogo wako,
Nzivo

*

Kwetu, Kitui
24 Agosti 1997

Kwako Nzivo mdogo wangu,

Salamu zimefika zote, za kweli na za chumvi. Sisi hatujambo, ila ng'ombe wamekonda. Pole kwa kazi.

Mimi sijui magari. Najua mto. Mukai ana mimba tena. Daktari wa mjini amempima, amesema nyonga yake ni nyembamba, lazima apasuliwe, asithubutu kuzalia nyumbani. Yule wa kwanza unamkumbuka. Tulimpakia mama yake kwenye mkokoteni, tukafika mtoni, tukakuta maji yameshuka kwa nguvu kutoka milimani. Tulikaa pale ukingoni tukingoja yapungue, mpaka mtoto akaacha kucheza tumboni.

Huyu anatarajiwa Novemba ikiisha, wakati mvua imeshiba. Hospitali haimpokei asiye na uchungu, na mumewe yuko Mombasa kwa vibarua. Nataka aje akae kwako mapema. Nitampandisha basi la Mulwa.

Na hilo gari, nunua lenye kuvuka mchanga. Linalong'aa utalikuta hata kwa picha.

Dadako,
Nthoki

*

Kayole
20 Septemba 1997

Dada Nthoki, u hali gani? Na mbuzi nao?

Nimenunua Suzuki! Nilisoma barua yako mara moja nikamwambia mwenye Peugeot aende salama. Ni fupi, ni nyekundu, inageuka kwenye kichochoro bila kuangusha jiko la mtu. Watoto wa ploti tunayopanga wanaiita panya. Mimi naiita simba aliyekunjwa.

Ngoja nikufundishe. Katikati ya magurudumu ya mbele kuna vifundo viwili, mafundi wanaviita frii-wili. Ukitaka ivute kwa magurudumu yote manne unashuka, unavizungusha kwa mkono vifunge. Bila hivyo, ya mbele yanafuata tu kama wageni kwenye harambee. Sasa, wezi wa Kayole wanavipenda hivyo kuliko sukari. Jirani alilala akiwa na vioo vya pembeni, akaamka gari halina masikio. Mimi nimewawahi. Nimezing'oa frii-wili mwenyewe, nikafunika matundu kwa bati, zimelala kwenye kopo la mafuta ya kupikia chini ya kitanda changu. Kwenye lami sizihitaji.

Mukai asiguse basi! Mjukuu wetu haji Nairobi kwa kubanwa na magunia ya pojo. Nitamfuata mwenyewe, Oktoba ikiisha.

Mdogo wako, mwenye gari,
Nzivo

*

Kwetu
8 Oktoba 1997

Kwako Nzivo,

Tumepata barua, tumefurahi, tumecheka. Lakini umenunua jembe, mpini ukauweka chini ya kitanda. Urudishe kabla ya kuja.

Mawingu mwaka huu yamewahi. Mukai amevimba miguu. Basi la Mulwa liko sokoni kila Alhamisi, na mto bado ni mkavu. Nimpandishe?

Dadako,
Nthoki

*

Kayole
25 Oktoba 1997

Dada mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta pakavu. Huku mvua inanyesha kama imetumwa. Juzi barabara ya Outering iligeuka bwawa, magari ya wakubwa yakazima katikati, mimi nikapita na mikate yangu nikiwapungia mkono. Kwa magurudumu mawili tu, dada! Mawili!

Usimpandishe basi, nimeshasema. Jumamosi ijayo nina arusi Umoja, bwana arusi ameipenda nyekundu yangu imbebe bibi arusi paa likiwa wazi. Siwezi kumwangusha mtu siku yake. Jumatatu alfajiri nang'oa nanga, chakula cha mchana niko kwako. Mwambie Mukai afunge sanduku.

Mdogo wako,
Nzivo

*

Kwetu
6 Novemba 1997

Nzivo,

Jumatatu imepita. Tulikaa juu ya sanduku mpaka giza likatukuta. Jumanne mto ulishuka, ukabeba mti na ng'ombe wa watu. Leo umepungua, mtu anavuka maji yakiwa kwenye magoti. Mukai anaumwa mgongo tangu asubuhi na anasema ni mgongo tu. Mimi nilimzaa, najua si mgongo.

Nampa barua hii kijana wa jirani amfikishie Mulwa. Ukiipata usiweke hata chai motoni.

Nthoki

*

Ukingoni, upande wa soko
7 Novemba 1997

Dada,

Leo sina salamu. Jumatatu nilikuja, nikakuta barabara imekatika, nikarudishwa. Jana Mulwa aliniletea barua nikiwa nashusha mikate, nikaondoka na mikate humohumo, nguo za arusi mwilini kwa kuwa za kazi zililoa mvua.

Nimefika mtoni. Nimeweka gia ya magurudumu manne nikaingia kwa kishindo, watu wa soko wakitazama. Gari likachimba mchanga kama mbwa anayezika mfupa. Nikashuka nifunge frii-wili. Nikagusa bati. Dada, ziko Kayole chini ya kitanda, salama kabisa na wezi.

Wameshanivuta nikarudi ukingoni. Gari ni zima na njia ya hospitali ni changarawe, mawili yanatosha. Kilichobaki ni huu mto tu, mpana kama uwanja wa mpira. Mlete Mukai begani mpaka hapa. Anayekupa karatasi hii ni mtu mzuri, mpe mkate, ninao.

Nzivo

*

Nyuma ya karatasi ileile

Tuko ukingo wa pili, chini ya mgunga, unaweza kuniona. Uchungu umeshika kweli. Wanaume ni wanne tu. Tumemlaza juu ya mkeka, mkeka umepasuka. Kitanda ni cha chuma, kitawazamisha mchangani. Mkokoteni umekwama hapa. Huko juu milimani kunanguruma, na wazee wanasema maji yako njiani.

Ulisema nisimpandishe basi. Sasa fanya kitu wewe uliyefika Kampala.

Nthoki

*

Kwetu
13 Novemba 1997

Kwako Nzivo,

Sijui kama u mzima. Sijui kama yeyote kati yenu ni mzima. Maji hayajapungua tangu siku ile.

Nilikuona ukipanda juu ya gari na kisu mdomoni, nikadhani akili imekuruka. Kumbe unakata kamba za paa. Ukaja ukivuka na turubai kichwani, mwanamume mwenye suruali ya arusi. Mukai alipokuona alicheka katikati ya uchungu, akasema, "Mjomba amekuja na gari kipandekipande." Mkamlaza ndani, mkashika pembe, wewe ukaenda katikati ukishikilia mgongo wake. Mimi nilikuwa nyuma na kikapu cha nguo. Nikasikia sauti kama lori linalomwaga mawe. Wakanipigia kelele nirudi. Nikarudi, Mungu anisamehe, miguu ilirudi yenyewe.

Nilipogeuka, maji yalikuwa ukuta. Nikaona kwa mbali gari jekundu lisilo na paa likiondoka kwenye mvua, na mtu mmoja akimwinamia mwingine. Basi. Kikapu cha nguo za mtoto ninacho hapa. Kila asubuhi nakipeleka mtoni, jioni nakirudisha.

Atakayeweza kuvuka kwanza ataibeba barua hii. Nijibu hata kama ni neno moja, na hata kama ni lile baya.

Dadako, ambaye hajui kama ni nyanya,
Nthoki

*

Hospitalini, Kitui mjini
16 Novemba 1997

Kwako Nyanya yake Nthenya,

Nakusalimu kwa jina hilo kwanza, salamu nyingine zitafuata. Nimekuandikia mara mbili, waliobeba barua wamerudishwa na mto.

Ni msichana. Alitolewa mchana kweupe, Mukai akasema basi ni Nthenya, wa mchana, hakuna kubishana. Mama yake ameshonwa, anakula, ananitukana. Wale wanaume wanne nao ni wazima, mmoja wao ndiye aliyemshikilia garini mpaka hapa. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu... sikumwacha amalize, nilitoka nje nikakaa kwenye gari langu lisilo na paa, viti vimejaa maji, mikate imevimba kama mito ya kulalia. Nililia pale, dada. Nakuambia wewe, usimwambie Mulwa.

Mtoto hana nguo. Kikapu kiko kwako. Amefungwa shati langu la arusi, na linamfaa kuliko lilivyonifaa mimi.

Mulwa ameniletea kopo kutoka Kayole. Frii-wili nimezifunga mwenyewe, boliti kwa boliti, na sizing'oi tena. Mwizi akizitaka azichukue, nitanunua nyingine. Turubai sijalirudisha. Lina damu, na nimeshindwa kulifua.

Maji yakipungua usinitafute sokoni. Kaa mlangoni kwako, usikilize.

Mdogo wako,
Babu Nzivo