Kaya Iliyopungua Ng'ambo ya Mto

Ulyankulu, Tabora

Dada yangu Rustika,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Ciza na watoto, na kwamba mgongo umekupa nafuu tangu mrudi huko Burundi. Mimi mwili hauna neno. Simu yako haipatikani tangu Pasaka, kwa hiyo nimemkabidhi Alois barua hii anapokuja kwenye arusi ya ndugu yake. Mpe chakula kwanza, maana akiwa na njaa anaongea mno.

Huku habari kubwa ni kijiji. Kitongoji chetu kilitaka kujitenga na kijiji mama, na safari hii hayakuwa maneno ya kilabuni. Kila msimu tumbaku na mahindi yetu yanatozwa ushuru, na sehemu inayorudishwa kijijini inaishia kwao, upande wa pili wa mto. Wao wamepaka ofisi rangi mara mbili. Kwetu msingi wa zahanati umeota nyasi, na masika haya mke wa Silasi alijifungulia njiani, kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Mtoto hakuishi. Tangu siku hiyo hakuna anayetaka kuambiwa habari ya subira. Tulisema tukiwa kijiji kamili tutapanga bajeti yetu wenyewe, na zahanati itakuwa ya kwanza. Dismasi, mwenyekiti wetu, alikuwa ameshachongesha hadi muhuri wa kijiji ambacho bado hakikuwapo!

Mimi walinifanya katibu, eti kwa sababu sina wa kunisubiri nyumbani. Walicheka, nami nikacheka nao, ila ni kweli. Tangu mke wangu Jeska afariki na binti yetu Consolatha aende kufanya kazi Cheyo, kule Tabora mjini, nasonga ugali wa mtu mmoja, na siku nyingine siusongi kabisa.

Shida ikawa kaya. Wilaya inataka idadi fulani ndipo kijiji kikubaliwe, na sisi tumepungua kwa sababu yenu mlioondoka. Basi Dismasi akaagiza kwamba kila mwenye ndugu aliyerudi Burundi afungue nyumba yake, afagie uwanja, awashe moto na kuanika nguo, ili mkaguzi akipita ahesabu kaya. Yako nikapewa mimi. Nilibandika maharage, nikaanika kanga za marehemu Jeska kambani, nikakaa kwenye kigoda chako. Dada, kwa muda nilijisikia mtu mwenye jirani.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, mpole. Nyumba nyingine alipita akiandika tu. Kwako alipiga hodi, akauliza mwenye nyumba yuko wapi. Tulikuwa tumekubaliana kujibu kwamba amekwenda shambani, atarudi jioni. Nilifungua mdomo kulisema hilo, nikashindwa. Nikamwambia kwamba dada yangu alihamia Burundi na hatarudi tena. Kisha nikalia, mtu mzima mimi, mbele ya mgeni, maharage yakiungua.

Yule mama akarudia nyumba zote, akiuliza upya. Kijiji tumenyimwa, na bajeti yetu itaendelea kupangwa na wenzetu wa ng'ambo. Hakuna aliyenitukana. Wananipita tu. Dismasi haniiti kikaoni, na Jumapili Silasi alipoona nimekaa karibu naye, alihama benchi. Siwezi kumlaumu.

Lakini linaloninyima usingizi ni jingine, dada. Hukuwahi kuniambia kwamba hutarudi. Siku ile mnapanda lori hukusema, wala mimi sikuuliza, kwa kuogopa jibu. Nimekusemea jambo ambalo sijawahi kulisikia kinywani mwako, na kwa neno hilo watu wamekosa zahanati.

Consolatha anakuamkia. Nisalimie shemeji, na watoto waambie mjomba yupo. Alois atakaa huko wiki nzima, na nimemwomba asiondoke bila jibu lako: je, yule mama nilimwambia kweli?

Mimi mdogo wako,
Ferdinandi