Mzee Niliyemwacha Mwisho

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku Uingereza, kwako na kwa Mama. Natumaini mvua ya Kitale imewapa nafasi ya kupalilia, na goti lako halikusumbui unapotembea kwenda kanisani. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio hauna raha, na ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Kwa simu ungeanza kunituliza kabla sijamaliza.

Ndugu yangu Wekesa ameniambia kwamba picha yangu nikiwa na wazee siku ya dhoruba, aliyowaonyesha watu pale Kanduyi, imefika hadi Kitale, na kwamba wewe, mzee wa kanisa, ulisimama ukamshukuru Mungu kwa binti aliyeokoa wazee wa watu. Baba, kuna jambo ambalo picha hiyo haionyeshi.

Siku ya dhoruba stima ilipotea mji mzima, na mitambo ya joto ikazimika katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi, baridi ikiwa kali. Meneja alikwama njiani kwa miti iliyoanguka. Wenzangu wa zamu wakanitazama mimi, kwa kuwa ndimi niliyekaa pale zaidi. Jirani yetu ni hekalu la Makalasinga, wao huliita gurdwara. Nilikimbia huko kuomba msaada. Anayesimamia jiko lao, mama mzee aitwaye Bibi Surinder, hakuuliza sisi ni wa dini gani. Alisema tuwalete wote, jiko lao ni la gesi na sakafu ina mazulia. Wanaume wao wakaja na gari.

Kati ya wazee wetu yuko mmoja, Bwana Ted. Tangu nifike hataki mkono wangu uguse chakula chake. Huniambia nirudi msituni kwetu, na siku moja alinimwagia chai kifuani. Chumba chake ndicho kilicho karibu na mlango, angetoka wa kwanza. Lakini dereva aliponiuliza tuanze na nani, nilisema tuanze na wa ghorofani. Kila gari liliporudi nilipita mlangoni kwake nikisema moyoni, acha angoje. Tulipomchukua mwishowe, vidole vilikuwa vimekakamaa na meno yanagongana. Hata kunitukana hakuweza.

Kule hekaluni wazee walikuwa wamefunikwa mablanketi, wanakula chapati na ndengu. Chakula hicho hupewa yeyote anayeingia, na wote hula pamoja, tajiri na maskini. Nikimngojea Bibi Surinder achemshe maziwa, niliona ukutani picha ya mtu aliyebeba kiriba cha maji katikati ya majeruhi. Nikamuuliza ni nani.

Sijui kama yule Kalasinga uliyemfanyia kazi gereji Bungoma aliwahi kukusimulia. Zamani za vita, mtu huyo aliwanywesha maji majeruhi wa pande zote mbili. Askari wakamshtaki kwa Guru wao wa kumi, yaani kiongozi wao wa dini, kwamba anawafufua maadui. Guru alipomuuliza, akajibu kwamba haoni adui, anauona uso wa Guru katika kila aliyelala pale. Guru hakumwadhibu. Alimpa na dawa, awafunge vidonda pia.

Bibi Surinder hakujua lolote juu yangu. Alinipa kikombe cha maziwa nimpelekee Bwana Ted. Mzee huyo alikunywa kutoka mkononi mwangu kwa sababu vidole vyake havikuweza kushika, nami nikashindwa kumtazama usoni.

Baadaye wakubwa wa kazini wakataka kunifanya msimamizi. Nilimwambia meneja ukweli, akasema hakuna aliyekufa, nisahau. Basi nikaenda kwa Bwana Ted mwenyewe.

"Nilikuacha makusudi," nikamwambia.

"Najua," akasema. "Nilisikia gari likija na kwenda. Ningekuwa wewe, ningefanya hivyo hivyo."

Baba, hilo lilinichoma kuliko matusi yake yote. Kumbe siku ile tulikuwa sawa, mimi na yeye, na mimi nimelelewa mezani kwako.

Nilirudi kwa Bibi Surinder nikamweleza yote, nikitaka aniambie nikikatae cheo. Hakuniambia hivyo. Alisema, "Kwetu, anayetaka kuongoza huanza kwa kufuta viatu vya waliokuja kusali." Sasa kila Jumamosi naketi mlangoni pao nafuta viatu. Usihofu, sijabadili dini, Jumapili niko kanisani. Ni vile tu nilisoma tangu utotoni kwamba Yesu aliosha miguu ya watu, nikapita kama si mimi ninayeambiwa.

Cheo nimekichukua, kwa woga. Asubuhi naanza na Bwana Ted. Hajawahi kuniambia asante. Juzi alilalamika kwamba chai haina sukari, nikamwongezea.

Ninalokuomba ni zito. Simama tena kanisani uwaambie nilivyofanya. Najua itakuaibisha mbele ya wazee wenzako. Lakini sala ile ya shukrani inanilemea, kila nikipiga magoti naisikia. Ukishindwa, mpe Mama barua hii, yeye atawasomea.

Nisalimie Kukhu, bibi yangu, umwambie bado nasali kabla ya kula kama alivyonifundisha. Msalimie shangazi wa Suam na biashara yake ya vitunguu, Wekesa na mkewe, na pasta aliyenibatiza.

Ni mimi binti yako, ninayehitaji maombi yako kuliko sifa,

Nasimiyu