Baba Akimeza Tramadol Ananiona Mama Yake

Shangazi Purity mpendwa, pokea salamu zangu kutoka Huruma, Eldoret, na tafadhali nipe mawazo, kwa sababu jambo hili nimelibeba peke yangu na mama hajui.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Baba yangu hupakia magunia ya mahindi kwenye malori, na mwaka jana gunia lilimwangukia mgongoni, akaenda hospitali, daktari akamwandikia tramadol, dawa za maumivu, za siku chache tu, lakini zilipoisha hakurudi, akapata muuzaji hapa mtaani ambaye haulizi karatasi ya daktari, na sasa anameza asubuhi ili aweze kubeba, anameza tena jioni ili, anavyosema, mgongo unyamaze.

Shida yangu, Shangazi, ni kwamba dawa ikimwingia anakuwa baba ninayempenda. Zamani akitoka kazini alikuwa ananuna, ukimuuliza kitu anasema, "Niache, nimechoka." Siku hizi anaketi mlangoni jua likishuka, macho yake kama ya mtu anayesikiliza wimbo wa mbali, anajikuna mikono polepole na kunisimulia habari za kwao Bungoma, mto ulivyokuwa na ukungu asubuhi, na ng'ombe mweupe aliyekuwa akimfuata hadi shuleni. Mimi nimepewa jina la mama yake, Nanzala, aliyefariki kabla sijazaliwa, kwa hivyo tangu nikiwa mdogo ananiita Mayi, yaani mama, kama wanavyofanya watu wa kwetu, lakini sasa akiniita naona anaongea naye kweli. "Mayi, ulienda wapi bila kuniaga?" ananiuliza, nami namjibu, "Nilienda sokoni, mwanangu," naye anacheka kama mtoto, na chumba chetu kinakuwa kipana, kana kwamba kuta zimerudi nyuma.

Jumamosi mama akiwa kwaya, baba alikuwa ameshameza zake, akaninyooshea mkono. "Mayi, niongezee."

"Umeshakunywa, baba."

"Mama gani huyu anaona mtoto wake akiumia, anamwangalia tu?"

Shangazi, nikampa. Baadaye kichwa kikamwanguka kifuani, akavuta pumzi moja, kisha kimya, nikangoja, kisha nyingine, na midomo yake ikawa ya kijivu. Nikamtikisa nikilia hadi jirani yetu Wesonga akabisha mlango, "Kwani mzee amekunywa nini leo mapema hivi?" Baba akafumbua macho, nami nikasema amechoka tu.

Naogopa atakufa. Lakini pia naogopa kwamba akiacha atarudi kununa, na sitamsikia tena akisimulia. Je, kuna kipimo kidogo ambacho kinaweza kumwacha hivi alivyo, bila hatari?

Nanzala, Huruma

*

Nanzala, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimesimama. Pole sana, mwanangu. Sasa nisikilize.

Ulichokiona Jumamosi hakikuwa usingizi. Tramadol ikizidi mwilini hupunguza kupumua, na mtu anaweza kufa ameketi mbele yako hivyo hivyo. Inaweza kumletea kifafa cha ghafla. Akiongeza pombe au dawa ya usingizi, hatari inazidi, na tena hakuna anayejua yule muuzaji anauza nini hasa. Ukimwona hivyo tena, piga kelele, mlaze kwa ubavu, apelekwe hospitali hapo hapo, na useme amemeza nini. Msaada ulibisha mlango wenu, wewe ukaudanganya. Hapo umenikasirisha.

Unaniuliza kipimo? Sikupi, na wewe usimpimie mtu dawa. Usiviguse tena vidonge hivyo, hata akikuita nani. Lakini usivitupe chooni ukidhani umemwokoa. Mwili uliozoea ukinyimwa ghafla hutetemeka, hutoka jasho, hukosa usingizi, naye atavitafuta kwa hasira. Daktari ndiye wa kumpunguzia polepole, na kuutibu huo mgongo ambao mpaka leo umefichwa tu. Aende kama mgonjwa, maana ni mgonjwa.

Kuhusu yule baba anayesimulia, sitakudanganya. Wiki za kwanza atakuwa mkali, na huenda akaongea kidogo kuliko unavyotaka. Ule mto ni wake, haukutoka kwenye kidonge, na unaweza kumuuliza habari zake akiwa macho kabisa. Akikujibu kwa maneno mawili, yapokee hayo mawili. Lakini kumlilia marehemu mama yake ni mzigo wa mtu mzima, atafute ndugu yake au mchungaji wa kumsikiliza. Wewe una mitihani.

Leo ukitoka shule, mngoje mama yako na umwambie yote, hata lile la kumwongezea. Pengine atalia, pengine atakufokea. Mwache amalize, kisha mvuke pamoja hadi kwa Wesonga, mumwombe asindikizane nanyi kumpeleka baba hospitali asubuhi, kabla malori hayajafika.